Paji la Uso la Somo

Somo alikuwa na mikunjo mitatu kwenye paji la uso. Miwili ililala, mmoja ulisimama katikati ya nyusi, na sisi tuliofunzwa naye tuliweza kuisoma huku tumeinamisha macho, tumevikwa dhahabu ya kuazima, jasho linatutiririka mgongoni. Jina analo, lakini sijawahi kumwita kwa jina na nikianza leo nitaona haya. Alikuwa somo wangu. Alikuwa somo wa nusu ya wanawake wa Galu, na katika nyumba nyingine alimfunza mama na baadaye akamfunza binti.

Asiyejua kazi ya somo hudhani ni kumsugua bibi harusi liwa na kumnong'oneza mambo ya chumbani. Hayo yamo, na Somo aliyasema bila kupepesa macho, mpaka mwari akatamani ardhi ipasuke. Lakini kazi yenyewe huonekana siku ya kumtoa bibi harusi, pale anapokalishwa kwenye kiti cha mapambo mbele ya wanawake mia wenye macho makali. Hasemi, hacheki, hatazami huku na huku. Anatazama chini, na kwa ncha ya jicho anamtazama mtu mmoja tu, somo wake, aliyeketi mkekani mbele yake kama mgeni mwingine yeyote.

Hapo ndipo mikunjo ilipofanya kazi. Nyusi zote mbili zikipanda, maana yake inua kidevu. Mkunjo wa katikati ukikaza, maana yake funga mdomo, umeanza kucheka. Na unyusi wa kulia ukipanda peke yake na kukaa juu, maana yake mimi nipo, vumilia, karibu tunamaliza. Sharti lilikuwa watazamaji wasijue lolote. Somo anayetumia mkono, au anayesogea sikioni kwa bibi harusi, huyo walimwita mchunga mbuzi. Watu walitakiwa waondoke wakisema binti wa fulani ametulia mwenyewe, amezaliwa hivyo.

Siku yangu mimi niliona giza. Kanzu ilikuwa imenibana mbavuni, udi umejaa chumba kizima, na wale wanawake wanaimba na kupiga pembe za vugo mpaka kichwa kinapasuka. Nilihesabu kwamba nikianguka nitaanguka upande wa kushoto, juu ya shangazi. Kisha nikauona unyusi wa kulia wa Somo umepanda. Ulikaa juu muda mrefu, na mimi nikakaa. Ndoa yenyewe haikufika miaka minne, lakini hilo si kosa lake, alinifunza vizuri.

Nilipoachwa, ni yeye aliyenitafutia kazi ya udobi hotelini. Maana Somo alikuwa na maisha mawili. Alitoka nyumbani asubuhi na buibui lake jeusi mpaka chini, akafika kwenye lango la wafanyakazi, akalivua na kulikunja mara nne, na chini yake palikuwa na gauni la maua makubwa ya waridi ambalo kama angeonekana nalo msikitini wangemsomea dua. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni basi la wageni linapofika, kuwavisha shada na kuwapa dafu. Aliifanya zaidi ya miaka ishirini. Wazungu waliokuja wakiwa wachumba walirudi wakiwa na watoto, wakarudi tena wakiwa na mvi, na wote walimkumbatia. Hakujua lugha zao isipokuwa salamu. "Hawa hawajui shikamoo wala marahaba," alikuwa akisema, "kwa hiyo miye nawaamkia kwa uso."

Alikuwa mkali kwa lugha kupita kiasi. Bawabu wa lango letu alikuwa kijana wa bara, na siku ya kwanza alimpokea kwa "Niaje, mathee?" Somo alisimama, akaweka kikapu chini. "Mwanangu, miye si mathee, miye ni mtu mzima. Sema shikamoo. Haitakuvunja meno." Yule kijana alichukua somo lake kwa moyo wote. Kuanzia hapo alimwamkia shikamoo kila mtu aliyepita pale, hata wasichana wa jikoni aliowazidi umri, nao wakawa wanamwitikia marahaba kwa kiburi kikubwa.

Mambo yake hayakukaa sawa na mafunzo yake. Kila bibi harusi Somo alimnyima kioo kwa siku zote saba za kuwekwa ndani. "Uso wako wiki hii si wako, ni wangu," alimwambia, akakibeba kioo cha nyumba na kukificha uvunguni kwake. Na huku yeye mwenyewe alikuwa na kioo kidogo cha duara amekifunga kwenye pindo la leso, anakitoa akidhani hatumwoni. Kila Alhamisi jioni alijipaka liwa. Nywele alizitia piko zisionyeshe mvi. Umri wake hakuutaja hata mara moja. Ukimuuliza alijibu kwamba yeye ni rika la mama yako mdogo, hata kama mama yako mdogo bado anasoma shule. Tulimcheka sana kwa hayo, na yeye alicheka nasi, paji lote likijikunja.

Sasa niseme lililotokea. Nimelizunguka vya kutosha.

Ule mwaka wa vurugu za Likoni wageni walikatika. Zikaja na zile mvua zisizokwisha, barabara zikakatika pia, na mabasi yaliyokuwa yakifika matano kwa siku yakawa moja kwa wiki, nalo nusu tupu. Hoteli ikaanza kupunguza watu. Waliondoka wapishi wawili, wakaondoka wa bustani, ikafika zamu ya mapokezi. Meneja mpya, kijana wa bara mwenye tai na haraka nyingi, alimwita Somo ofisini.

Alikuja moja kwa moja kule kwetu kwenye mashuka. Alikaa juu ya kapu la taulo chafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ameniambia wageni wachache waliobaki wanataka kupokewa na sura freshi," alisema. "Ameniambia kwa adabu, hata chai amenipa. Baada ya Idi atabakisha mmoja tu mlangoni. Kuna miye na kuna yule binti wa Ukunda."

"Na weye umemjibu nini, Somo?"

"Nimesema ahsante kwa chai."

Kisha akatoa kile kioo cha pindo la leso, mbele yangu, bila kujificha. Akakitazama kwa muda. Machozi yalimtoka nikiwa nimeshika pasi, na sikujua niyafanye nini, kwa hiyo niliendelea kupiga pasi.

Kulikuwa na mgeni mmoja, daktari wa kike kutoka Uswisi, aliyekuja kila mwaka hata mwaka ule wa mvua. Alimpenda Somo. Somo alimpaka hina miguuni, naye alimletea chokoleti zilizoyeyuka. Kiswahili chake alikiokota ufukweni na kilikuwa hakina mwanzo wala mwisho, lakini kilifika. Aliposikia habari ya meneja, alimshika Somo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akasema, "Mimi leta dawa. Kwetu mimi dunga mama wengi. Hapa, hapa, na hapa. Sindano dogo. Siku chache, uso lala. Mikunjo kwisha."

"Kwisha kabisa?"

"Hapana kabisa. Mwezi tatu, labda nne. Halafu amka tena."

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye kichupa kidogo, ameihifadhi ndani ya friji la chumba chake pamoja na bia. Hakutaka malipo. Nataka ieleweke kwamba yule mwanamke alikuwa na nia njema na alisema kweli yote aliyoijua. Sisi ndio tuliojua kitu asichokijua, na tulikijua vizuri.

Somo alifikiri wiki nzima. Maalim wa msikitini hakwenda kumuuliza, kwa sababu jibu la Maalim alilijua na hakutaka kuliasi akiwa amelisikia. Aliniuliza mimi. Tulikaa uani kwake, tunachambua mchele, na akazungumza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine.

"Mtu akikataa kuzeeka, ni dhambi?"

"Hukatai kuzeeka, Somo. Unakataa kufukuzwa kazi."

"Na wari wangu je? Paji likilala, nitawasemesha na nini?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilikwisha kufikiria yangu. Mimi niliingia hotelini kwa mgongo wake, na nilijua akitoka yeye leo, mimi nitatoka kesho. Nilikuwa na mtoto na sikuwa na mume. Kwa hiyo nilimhesabia miezi kwa vidole. Tuko Shaabani, nikamwambia. Ramadhani hakuna harusi. Harusi iliyo mbele yako ni ya mdogo wangu Mwanatumu, na hiyo ni mfungo tatu, baada ya Idi ya kuchinja. Mpaka hapo paji litakuwa limeamka, na kazi unayo. Dungwa tu, Somo, nikamwambia, nani atajua?

Alinitazama. Mkunjo wa katikati ulikaza kidogo, kisha ukalegea.

"Basi apa kwamba hutamwambia mtu."

Niliapa kwa jina la Mungu, mikono yangu ikiwa na vumbi la mchele.

Alidungwa siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, kwenye chumba cha yule daktari, mimi nimesimama mlangoni na rundo la mashuka ili anayepita adhani nipo kazini. Hakupiga kelele. Alipotoka alikuwa na vitone vyekundu kama vya mbu, akajifunika mtandio, akarudi mlangoni kupokea basi. Siku ya nne hakukuwa na badiliko lolote. Siku ya kumi, alipotaka kushangaa jambo nililomwambia, hakuweza. Macho yalishangaa, mdomo ulishangaa, na juu ya macho palikuwa patupu, laini kama sahani.

Alipendeza, siwezi kusema uongo. Meneja alimsifu. Yule binti wa Ukunda alimuuliza anapaka mafuta gani. Kwa muda wa Ramadhani nzima nilijiona mwerevu, nikafuturu kwa raha.

Kisha viza ya Dubai ya mchumba wa Mwanatumu ikatoka. Alitakiwa kuripoti kazini kabla ya Idi ya kuchinja, na wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaona hakuna haja ya kumwacha aende bila mke wakati mke yupo. Harusi ikarudishwa nyuma mpaka mfungo mosi, siku chache tu baada ya sikukuu. Nami nilikuwa kwenye kikao hicho. Mama aliniuliza kama nina neno. Nilisema sina.

Nilimpelekea Somo habari kwa miguu yangu. Aliketi, akajigusa paji kwa vidole viwili, akalisukuma juu, likarudi lenyewe. Alijaribu tena.

"Tumtafute somo mwingine," nikasema.

"Mama yako nilimfunza miye. Weye nimekufunza miye. Nikakae nyumbani, watu waulize kwa nini, niseme nini?"

Ndipo akapata ile fikra ya kipepeo, na naapa niliiona ni fikra nzuri. Kipepeo cha ukili, cha kujipepea, kila mwanamke anacho siku ya harusi, kwa joto lile, hakuna atakayetilia shaka. Kwa siku saba alimfunza Mwanatumu. Kipepeo kikipanda kifuani, inua kidevu. Kikisimama ghafla, funga mdomo. Kikikaa begani upande wa kulia, mimi nipo, vumilia. Mwanatumu alikuwa mwepesi wa kushika. Ndani ya chumba kile, wakiwa wawili, hakukosea hata mara moja.

Siku yenyewe, alasiri, walikuja wanawake wa Galu, wa Ukunda, na jamaa zetu kutoka Msambweni, wakajaa ukumbini mpaka nje. Mwanatumu alikalishwa. Joto lilikuwa kali, mvua imekatika asubuhi na jua limetoka na mvuke. Na wanawake wote, kila mmoja wao, walikuwa na kipepeo cha ukili mkononi, na wote walikuwa wakijipepea. Vipepeo vilipanda, vikashuka, vikasimama, vikagonga mabega ya kulia na ya kushoto. Somo alikuwa katikati yao, anakipandisha chake kwa utaratibu, na hakikuonekana tofauti na kile cha jirani yake. Miaka yote hiyo ya harusi, na hatukulifikiria hilo, si yeye wala mimi.

Mwanatumu alianza vizuri. Kisha akainua kidevu, akakishusha, akakiinua tena. Akafuata kipepeo cha shangazi mmoja mnene na kugeuka kushoto. Watu wakaanza kutazamana. Kuna aliyekohoa. Mwanatumu akaona amekosea, akatabasamu kwa woga, na bibi harusi anayetabasamu mbele za watu ni jambo la kusemwa mwaka mzima. Hapo aliacha vipepeo akamtazama Somo usoni, waziwazi, kama mtoto anayemtafuta mama yake sokoni. Somo alikuwa akimwambia kwa nguvu zake zote kwamba yupo. Nilimwona anavyojikaza, mishipa ya shingo imemtoka. Paji halikusogea. Mwanatumu aliona uso mtulivu kabisa wa mtu asiyehusika.

Aliinuka. Aliinuka mwenyewe kwenye kiti, vugo zikanyamaza, akakimbilia chumbani huku analia na wanja unamchuruzika mpaka kwenye kanzu. Baadaye aliniambia alidhani Somo amemnunia, kwamba amekosea mno mpaka Somo ameamua kumtupa mkono mbele za watu.

Ndoa ilifungwa, wala haikuwa na tatizo. Wapo Dubai mpaka leo na wana watoto. Ninalisema hili ili mtu asidhani kwamba Mwanatumu ndiye aliyeumia.

Kesho yake Somo alikuja kwetu. Mama alikuwa ameketi barazani, amefura. Somo alimwamkia, akakaa chini kabisa, sakafuni, na akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema kwa mtu. "Nimekuharibia, dada. Kosa ni langu, si la mtoto. Nakuomba radhi."

Alimshika mama miguu kwa mikono yote miwili. Lakini mama hakutazama mikono. Alitazama pale alipozoea kutazama tangu alipokuwa mwari, na pale palikuwa pameng'aa, pamepumzika, hapana hata mstari mmoja wa huzuni.

"Mtu aliyeniaibisha mbele ya ukoo wa watu," mama akasema, "ndiye aje na uso huu? Umelala vizuri, naona. Umeoga na liwa."

"Wallahi, dada, moyo wangu..."

"Moyo siuoni. Uso nauona."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha mlango. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema: mama, amedungwa sindano, hawezi kukunja uso hata akitaka. Somo alinitazama mara moja. Nimejiambia miaka hii yote kwamba alikuwa akinikumbusha kiapo. Siku nyingine nadhani alikuwa akiniomba nikivunje. Paji lingenieleza, lakini lilikuwa limelala, na mimi niliyekuwa nimemwambia adungwe nilichagua maana iliyonifaa. Nilisema naenda kutazama sufuria. Jikoni hakukuwa na sufuria yoyote.

Habari ilitembea haraka. Hawakusema amekosea, maana somo anaweza kukosea. Walisema hakujali. Aliketi anamtazama mtoto wa watu anaaibika na hakukunja hata paji, akaja kuomba radhi kama mtu aliyetoka kunywa chai. Jamaa wa Msambweni walilibeba kwao, na huko walikuwa na mabinti wanne wa kuolewa mwaka huo. Hakuitwa kwa hata mmoja.

Na hoteli? Ilifungwa. Si yeye, si yule binti wa Ukunda, hakubaki mtu mlangoni kwa sababu mlango wenyewe uliwekwa mnyororo. Mvua zilipoanza tena, meneja alitukusanya chini ya makuti ya mkahawa, akasoma karatasi, sauti yake haisikiki vizuri kwa upepo. Sote tulitoka siku hiyo hiyo, mimi na pasi zangu, bawabu na shikamoo zake, na Somo na gauni lake la maua, ambalo alilirudisha limepigwa pasi. Bawabu ndiye aliyelia kwa sauti. Somo alivaa buibui lake na kuondoka. Tulipotengana njia panda nilimwambia, "Somo, nisamehe." Akasema, "Kwa lipi, mwanangu?" Nilimtazama ili nijue kama anauliza au ananisuta. Sikuweza kujua.

Paji liliamka mfungo tatu, kama tulivyohesabu. Lilianza upande mmoja, akaniambia, unyusi wa kushoto kwanza. Nilikwenda kumwona akanionyesha, akapandisha zote mbili, akakaza katikati, akapandisha wa kulia. Mikunjo yote mitatu ilikuwa imerudi mahali pake, na nadhani ilikuwa imezidi kwenda ndani. Alikuwa amefurahi siku ile. Alisema sasa wakimwita yuko tayari. Alitandika mkeka mpya kwenye chumba cha kuwekea wari na akasaga liwa nyingi, ikakaa kwenye kopo mpaka ikapoteza harufu.

Mama alifariki bila kuujua ukweli. Nilikuwa na mwaka mzima wa kumwambia. Kila nilipotaka kusema niliona kwanza nitalazimika kusema nani alihesabu miezi kwa vidole.

Nilimwona Somo vizuri mara ya mwisho kwenye harusi moja ya Ukunda, mwisho mwisho wa miaka hiyo. Alialikwa kama jirani. Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, pale viatu vinapovuliwa, na watoto walikuwa wakimkanyaga leso. Alikuwa ameacha piko na kichwa chote kilikuwa cheupe. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za mwanangu, tukakaa tukitazamana, yeye ukuta huu, mimi ukuta wa pili.

Bibi harusi akatolewa. Somo wake alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyejifunza kazi Mombasa. Alisimama pembeni ya kiti, na kila mara alimshika binti kidevu kwa vidole akakigeuza, kwa sababu kulikuwa na mwanamke wa kupiga video na taa yake kubwa, na picha ndiyo iliyotakiwa. Hakuna aliyemwita mchunga mbuzi. Yule binti aliitazama taa, macho yamejaa maji kwa ule mwanga, na nilimwona anaanza kuyumba kidogo upande wa kushoto, kama nilivyoyumba mimi.

Nikageuka kumtazama Somo. Alikuwa amenyooka mgongo. Nyusi zake zilipanda zote mbili, akimwambia binti ainue kidevu. Zikashuka. Mkunjo wa katikati ukakaza. Alifanya kazi yake yote pale nyuma, kwenye viatu, kwa ufundi ule ule, na katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtazama isipokuwa mimi. Niliinua kidevu changu. Nilifunga mdomo. Nilitaka aone kwamba yupo anayemsoma, na kama angenitazama hata kidogo ningesimama pale pale mbele za watu nikasema yote, sindano na miezi na sufuria. Hakunitazama. Hakuwa na kazi na mimi, mimi nilikwisha kuolewa na kuachwa.

Unyusi wa kulia ukapanda peke yake, ukakaa juu. Bibi harusi alikuwa akiitazama taa. Somo hakuushusha mpaka wimbo ulipokwisha.